Mzinga kabla ya nyuki

Kisu cha Muzehe kimenolewa miaka mingi hadi kikabaki chembamba kama jani la mkaratusi. Anakisimamisha juu ya ncha ya mwanzi, anakigonga mara moja tu kwa kigogo, basi, hagongi tena. Kuanzia hapo mwanzi ndio unaosukumwa ukifuate kisu, nao unaachana kwa sauti ya kanga inayochanwa. Viwili, vinne, vinane. Kila ufito anaupitisha juu ya goti alilolifunga kipande cha mpira wa baiskeli, na nyama nyeupe ya ndani inadondoka miguuni pake kama maganda ya mihogo. Tangu asubuhi sijamwona akishika futi wala kamba ya kupimia.

Tuko Nkungu, wilayani Rusizi, pande hizi ambazo sisi wa umri wangu bado tunaziita Cyangugu bila kukusudia. Kutoka Kamembe nimepanda pikipiki, vumbi hadi kwenye kope, nikapita migomba na mihogo na mikaratusi, hadi hapa uani ambapo ng'ombe mmoja anacheua akinitazama kama mtu aliyekuja kudai kodi. Ng'ambo ya bonde kuna weusi wa Cyamudongo, kipande cha msitu wa asili ambacho mashamba ya watu yalikitenga na Nyungwe, kikabaki peke yake kama kisiwa, sokwe wake wakiwa bado ndani. Nyungwe yenyewe iko mashariki zaidi, na tangu 2023 imo katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Nyuki hawana habari ya mpaka wa hifadhi. Asubuhi wanakwenda huko, jioni wanarudi huku.

Wanyarwanda wana msemo kwamba Mungu hushinda kwingine mchana kutwa, ila usiku hurudi kulala Rwanda. Zamani niliusikia kama majigambo. Tangu nianze kukaa karibu na mizinga nausikia kama maneno ya mfuga nyuki aliyekaa mlangoni jioni akihesabu wanaorudi.

Muzehe (hivyo ndivyo wote wanavyomwita hapa, naye ananiita mwanangu japo nina mvi) anaanza na pete mbili za fito nene, amezikunja zikiwa mbichi na kuzifunga kwa kamba ya mgomba. Kuzizunguka anapachika fito za urefu, moja moja, hadi kitu kinasimama uani kama kizimba cha kuku kisicho na akili. Nikazihesabu: 31. Nikauliza kwa nini si 30. Akanitazama kwa huruma.

"Weka 30, uone."

Sikuweka, ila niliufuata ufito wake wa kwanza kwa macho na jibu likaja lenyewe. Ufito unaozunguka hupita mbele ya mmoja, nyuma ya unaofuata, mbele, nyuma. Fito zilizosimama zikiwa shufwa, mzunguko wa pili utarudi kukanyaga nyayo za wa kwanza: pale ulipopita mbele utapita mbele tena, na kitu kizima kitateleza kama soksi. Zikiwa witiri, kila mzunguko unapita nyuma pale uliotangulia ulipopita mbele, na kwa hiyo unaufunga. Ufito mmoja tu wa ziada, na ule ulegevu wote unageuka kuwa ukuta. Mzee huyu shule aliiacha darasa la tatu. Hesabu hiyo haiko kichwani mwake, iko viganjani, na viganja vilirithi kutoka viganja vingine.

Nilikuwa nimekosea pia kuhusu kipimo. Kumbe alikuwa anapima tangu mwanzo. Mzinga ukifika urefu fulani aliingiza mkono hadi bega, akagusa alama aliyoikuna kwa kucha katikati, akatoka akaingiza upande wa pili, akaigusa tena. Mzinga wake una urefu wa mikono yake miwili, kwa sababu siku ya kurina mkono lazima ufike katikati kutoka upande wowote, gizani, katikati ya moshi, huku mwenye mkono akishika tawi kwa mkono mwingine. Mzinga mrefu kuliko hapo una asali isiyofikika. Upana ni duara la mikono akikumbatia kifua. Nadhani ndiyo maana mizinga ya kila mzee pande hizi hufanana na mwenyewe. Huyu ni mfupi mnene.

Kukandika kulifanyika siku nyingine. Kinyesi cha ng'ombe, yule yule mwenye macho ya mtoza ushuru, udongo wa mfinyanzi kutoka bondeni, majivu ya jikoni. Anakanda kwa mguu, anapaka kwa kiganja, kwanza nje akishindilia kila tundu, kisha ndani, lakini ndani anapaka kwa wepesi na anaacha mikwaruzo ya fito ionekane. Nilidhani amechoka. La: nyuki wanataka dari yenye pa kushika. Ganda la nje lina kazi yake pia, maana milima hii ina usiku wa baridi, na watoto wa nyuki hulelewa katika joto la nyuzi 34 hadi 35, usiku na mchana, mvua na jua. Joto hilo wanalitengeneza nyuki wenyewe kwa kutetemesha misuli ya mabawa. Kinyesi kilichokauka kinawasaidia lisiwatoroke. Baada ya hapo mzinga unavikwa koti la magamba makavu ya mgomba, yamepangwa kama vigae, la juu likilifunika la chini, kwa sababu Rusizi ikiamua kunyesha hainyeshi kidogo.

Halafu ukawa umekwisha. Nao ulikuwa mtupu.

Hapo ndipo nilipokaa kimya kwa muda, nikiutazama ule utupu kupitia mlango wa duara ambao bado haukuwa umezibwa. Siku nzima ya kazi, na siku nzima nyingine, na kilichotengenezwa kwa kweli ni nafasi. Kila kitu kingine ni ukingo wake.

Nikiwa mtoto katika shule ya Jumapili nilikuwa na swali moja ambalo mwalimu alilikimbia kila mara: ilikuwaje nuru ikaumbwa siku ya kwanza na jua siku ya nne? Baadaye nilisoma kwamba Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, alizigawa siku za Mwanzo mafungu: siku tatu za kutenganisha, kisha siku tatu za kupamba. Ukizipanga bega kwa bega utaona jambo. Siku ya kwanza nuru inaachanishwa na giza. Siku ya nne panakuja jua, mwezi na nyota. Siku ya pili maji yanaachanishwa, anga katikati. Siku ya tano, samaki na ndege. Siku ya tatu nchi kavu na majani. Siku ya sita, wanyama, na sisi. Kwanza chumba, kisha mkaaji. Nilikuwa nimelielewa hilo kwa kichwa. Uani kwa Muzehe nililielewa kwa pua, maana mzinga mpya unanuka kinyesi na majivu, haunuki asali hata kidogo.

Mhubiri akisema Mungu ni Mungu wa utaratibu, wengi wetu tunaona akilini foleni iliyonyooka, au madawati. Mimi siku hizi naona fito 31 na utupu katikati. Utaratibu wa Muumba, kama nausoma sawasawa, ulianza na kuachia nafasi, na nafasi hiyo ikapewa kingo zinazomfaa atakayeishi humo.

Kuhusu wakaaji wenyewe Wakristo wameandika tangu zamani. Basili wa Kaisaria, katika hotuba zake juu ya siku sita za uumbaji, karne ya 4, aliwasifu nyuki kwa ujenzi wao na kwa mfalme wao. Ndiyo, mfalme. Karne nyingi walioelimika waliamini kwamba yule nyuki mkubwa ni dume mtawala. Ilichukua hadi karne za 16 na 17 ndipo Ulaya ilipokubali kwamba ni jike, tena kwamba hatawali, anataga. Ambrosi wa Milano, msimamizi wa wafuga nyuki, ambaye mapokeo yanasema kundi la nyuki lilimtua usoni akiwa mchanga bila kumdhuru, naye aliamini mfalme. Mambo haya nayakumbuka kila ninapotaka kuhubiri kwa kutumia wadudu. Mtu akiutazama uumbaji akitafuta utaratibu, cha kwanza anachokiona mara nyingi ni serikali ya kwao.

Kwa hiyo nitaeleza kile kinachoonekana. Nyuki mtenda kazi anapofika umri wa wiki mbili hivi, jozi nne za matezi chini ya tumbo lake zinatoa vigamba vinane vya nta, vyembamba, vinavyong'aa. Anavichomoa kwa miguu, anavitafuna vikalainika, anavibandika darini. Wenzake wananing'inia chini yake wameshikana miguu kama mnyororo wa watoto wanaocheza. Kutoka darini sega linashuka, gizani, na vyumba vyake vina pembe sita.

Kwa nini sita? Pappus wa Aleksandria aliandika, karne ile ile ya Basili, kwamba maumbo sawia yanayoweza kujaza uwanja bila kuacha pengo ni matatu tu, pembetatu, mraba na pembesita, na la mwisho hubeba asali nyingi zaidi kwa nta ile ile. Lakini vipi kuhusu maumbo yasiyo sawia, yenye kuta za kupinda? Watu walisadiki kwamba nayo yangeshindwa, ila uthibitisho kamili wa kihesabu ulikuja 1999 tu, kwa kazi ya Thomas Hales. Ukuta wa chumba hauzidi sehemu ya kumi ya milimita. Kila chumba kimeinamishwa kidogo, mdomo juu, asali isimwagike. Kilo moja ya nta inaweza kubeba asali ya zaidi ya kilo ishirini.

Na hapa pana jambo ambalo wahubiri hawalitaji, nami nalipenda kuliko yote. Kitako cha chumba, pale vyumba vya upande mmoja vinapokutana mgongo na vya upande wa pili, kimejengwa kwa vibao vitatu vyenye umbo la almasi. Kwa muda mrefu watu walisema hicho nacho ndicho kitako kinachookoa nta kuliko chochote kinachowezekana. Mwaka 1964 mwanahisabati wa Hungaria, László Fejes Tóth, akaonyesha kwamba kipo kitako kingine kinachookoa zaidi, kwa kiasi kidogo mno, kisichofika hata nusu ya asilimia moja. Nyuki hawakijengi. Nilipomsimulia Muzehe, kwa mchanganyiko wa Kinyarwanda na Kiswahili changu cha Kamembe, alicheka hadi akakohoa. Akasema mtu aliyekaa kutafuta nta ndogo namna ile hajawahi kurina.

Wapo pia wanaosema pembesita si kazi ya nyuki hata kidogo: mwaka 2013 watafiti walichapisha kwamba vyumba huanza vikiwa duara, kisha nta iliyopashwa joto hutiririka na kuvutana yenyewe hadi pembe zikajitokeza. Wengine hawakubaliani nao. Kuna Wakristo wanaoogopa maelezo ya namna hii, kana kwamba nta ikijikunja yenyewe Mungu amenyang'anywa kazi. Sioni hasara iko wapi. Ufito wa thelathini na moja nao unafanya kazi yake wenyewe baada ya Muzehe kuupachika. Yeye hausukumi kila siku. Kumwona Fundi si lazima kumkuta na kidole kwenye kila chumba.

Namna ya kuachia nafasi nilijifunza kwa machozi, machozi halisi. Miaka kadhaa nyuma nilinunua mzinga wa kisasa, wa sanduku na fremu. Fundi aliyeupiga misumari, ambaye namstahi kwa kutomtaja, alikuwa hodari wa vitanda na milango. Kati ya fremu na ukuta aliacha upana wa vidole viwili, ili zitoke kwa urahisi, alisema. Nyuki waliingia, wakafanya kazi miezi mitano, nami nikafungua kifuniko nikiwa na ndoo mpya. Hakuna fremu iliyotoka. Lile pengo walilijengea masega ya kupinda, wakaunganisha fremu na ukuta, fremu na fremu. Nilivuta kwa nguvu na yote yakapasuka. Asali ikaenda viatuni, watoto weupe wa nyuki wakasagika, na dada zao wakanifuata hadi barabarani.

Baadaye ndipo nilipomsoma mchungaji wa Marekani, Lorenzo Langstroth, aliyetambua mwaka 1851 kwamba nyuki wana kipimo chao cha njia. Pengo la milimita sita hadi tisa hivi hawaligusi, ndimo wanamopita. Likiwa dogo zaidi wanaliziba kwa gundi yao. Likiwa kubwa zaidi wanalijaza sega. Mizinga ya fremu ya dunia nzima imesimama juu ya milimita hizo. Langstroth hakuwafundisha nyuki chochote; alikuta upana wa ujia waliouacha wenyewe tangu zamani na akawa mnyenyekevu wa kutosha kuufuata kwa rula.

Muzehe hapingi masanduku. "Sanduku ni nzuri," anasema, "lakini sanduku inataka pesa na rula." Katika mzinga wake nyuki wanapanga masega wenyewe, na upana wa ujia hawaukosei.

Mke wake ni Mpentekoste, wa kanisa lile lililoanzia Gihundwe mwaka 1940 kwa wamisionari wa Sweden. Muzehe mwenyewe ni Mkatoliki, na pande hizi Ukatoliki ukitajwa watu huelekeza kidevu Mibirizi, palipoanzishwa misheni 1903. Katika Kitabu cha Hekima, ambacho Biblia ya mke wake haina (wameshalizungumza hilo, naona, zaidi ya mara moja), kuna neno juu ya Mungu kuyapanga yote kwa kipimo, hesabu na uzito. Nilimuuliza analionaje. Hakujibu. Mke ndiye aliyejibu kutoka jikoni: yeye anachojua ni kwamba usiku wa Pasaka Wakatoliki huwashukuru nyuki kanisani, na hilo analiona jambo la adabu. Ni kweli. Mbiu ya Pasaka inataja kazi ya nyuki waliotoa nta ya mshumaa, ingawa mishumaa mingi ya leo ni ya parafini na nyuki wanashukuriwa kwa kazi ya kiwanda.

Sipendi mahubiri yanayosema, tazameni nyuki, wote wanamtii mmoja. Kwanza si kweli. Bumba likitoka kutafuta makao, wapelelezi mia kadhaa huenda huku na huku, kila mmoja akirudi kucheza ngoma ya kuutangaza upande alioupenda, na mabishano yanaweza kuchukua siku kadhaa hadi upande mmoja ushinde kwa kuungwa mkono. Malkia anasubiri tu, hana kauli. Pili, hii ni nchi ambayo mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, wengi waliua kwa kutii amri, wengine hadi ndani ya makanisa. Mtu akinisifia utii kwa mfano wa wadudu huku Rusizi, naangalia saa.

Wala mzinga si paradiso. Madume hufukuzwa njaa ikija. Nyuki wa kwetu wakikerwa huhama wote siku moja na kuacha masega yananing'inia. Na sisi warina asali tuna deni letu: mienge yetu imewahi kuunguza sehemu kubwa za Nyungwe, hasa katika ukame wa 1997, na pale palipoungua kangaga limefunga ardhi, miti inashindwa kurudi. Muzehe aliacha kurina msituni zamani. Mwanzi wa mizinga yake sasa ameupanda mwenyewe kando ya kijito.

Asubuhi ya mwisho aliupaka mzinga ndani kwa nta kuukuu iliyopashwa moto na gundi ya nyuki, akaziba ncha zote mbili kwa vifuniko vya kusuka, akaacha mlango mmoja usiozidi kidole gumba. Tukauvuta kwa kamba hadi kwenye panda ya mparachichi. Mlango ukielekea mashariki, ncha ya mlango chini kidogo kuliko ya nyuma, maji yasilale ndani. Aliusukuma kwa kiganja mara mbili, akaona hauchezi.

"Fuata nyuki ule asali," nikasema, kwa kukosa la kusema.

"Mimi siwafuati," akasema. "Nawatengenezea, nangoja."

Anangoja hadi lini? Mwaka jana mmoja ulikaa mtupu msimu mzima, mwingine ulipata bumba kabla hajashuka ngazi. Nyuki hawanunuliwi hapa. Tulikaa chini ya mti tukala viazi vitamu, na jua lilipofika mlangoni mwa mzinga alikuja mmoja. Alizunguka nje, akatua, akaingia. Wataalamu waliowachunguza, Thomas Seeley kati yao, wanasema mpelelezi hupima ukubwa wa ndani kwa kuutembea gizani, kutani na darini, kwa dakika nyingi, akitoka na kurudi.

Muzehe aliacha kutafuna. Tuliusikia kwa shida, mkwaruzo mdogo wa miguu juu ya kinyesi kilichokauka, ukienda mbali hadi ncha ya nyuma, ukirudi. Akatoka mlangoni, akajisugua uso kwa miguu ya mbele, akaingia tena.